Jicho la Kushoto la Maman Apolline

"Hata jambo hapana! Hata jambo moja hapana!"

"Euphrasie, teremusha sauti. Watoto wanasikia."

"Wasikie! Mi nimeinua mukono hivi, juu kabisa, kama mutu mwenye kusimamisha gari. Maman Apolline ananitazama kwa macho, anapita bila salamu. Mi ni muti? Mi ni nguzo ya umeme?"

Ilikuwa asubuhi kwenye bomba la maji, mtaa wa Nyamugo, hapa Bukavu. Mstari wa bidon, yaani madumu ya maji, ulikuwa umefika mpaka kwenye mtaro. Aliyekuwa akipiga kelele ni Maman Euphrasie. Nyumba yake imejaa watoto, wapwa, na wageni wa kijijini wasiojua siku ya kurudi. Sauti yake imezoea kupita juu ya sauti zote hizo. Aliyekuwa akimjibu ni Maman Agathe, muuza maharagi.

"Pengine alikuwa na mawazo," akasema Agathe.

"Mawazo gani? Mutoto yake Lucien amepata dhahabu kule Kamituga. Sasa mama amekuwa mutu mukubwa. Siye maskini hatuonekane tena."

"Nani aliona hiyo dhahabu?"

"Dhahabu inafichwa, Agathe. Maringo ndiyo haifichike. Kwa salongo ya juzi, ile kazi ya kusafisha mutaa, ulimuona? Nyasi anakata nusu, nusu anaacha. Taka yote anasukuma mbele ya mulango yangu! Na kwa matanga ya mama mukwe? Aliingia, akanipita mimi mwenye kufiwa, akaenda kupatia mukono mugeni. Mi nimeketi pale, mukono yangu iko hewani."

Wanawake kwenye mstari wakaguna. Kumnyima mkono mtu aliyefiwa, hilo halikuwa jambo dogo.

"Chut! Huyu anakuja," mmoja akasema.

Wote wakanyamaza.

Maman Apolline alikuwa akishuka polepole, bidon mkononi, kitambaa cha buluu kichwani. Alikuwa mjane. Alipita kando kabisa ya njia, karibu na ua wa matete. Alifika kwenye bomba, akasimama. Hakuna aliyemwambia neno. Kunyamaza ilikuwa adhabu yao.

Apolline akapiga hatua moja mbele. Mguu wake ukagonga beseni ya Euphrasie. Beseni ikageuka, na samaki wadogo, sambaza waliokuwa wameoshwa vizuri, wakamwagika wote katika matope.

"Eh, pole!" Apolline akashtuka. "Pole sana, Maman Agathe!"

"Agathe?" Euphrasie akapiga mikono. "Agathe? Anamwaga samaki yangu, halafu anaomba musamaha kwa mwengine! Mumeona? Mumeona wote?"

Watu wengine walicheka. Wengine walikasirika. Apolline aligeuka na bidon yake tupu, akapanda kurudi nyumbani.

Mtu mmoja hakucheka wala hakukasirika. Jina lake Constance, muuguzi katika kliniki ya macho ya Muhumba. Alikuwa akingoja maji kama wengine. Aliona jinsi mguu wa Apolline ulivyojaribu ardhi kabla ya kukanyaga. Aliona mkono wake unavyotafuta ua wa matete. Constance alijua miguu ya namna hiyo. Aliiona kila siku kazini.

Apolline alifunga mlango, akaketi.

Alikuwa amesikia vicheko na maneno ya Euphrasie. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini masikio yalikuwa mazima. Jicho la kulia lilijua mchana na usiku tu. Jicho la kushoto liliona vivuli, kama watu wanaotembea ndani ya moshi. Mtu akisema, Apolline alimtambua. Mtu akiinua mkono bila kusema, Apolline hakuona chochote. Kwenye bomba, kama wangesema hata neno moja, angewasalimu kwa majina. Lakini walinyamaza. Na mtu aliyenyamaza, kwake, hakuwepo.

Mbona hakuwaambia? Aliogopa Kalehe.

Kule Kalehe kulikuwa na shemeji yake, Adalbert, mkubwa wa ukoo. Siku ya kumzika mume wake, Adalbert alimwambia, "Siku utashindwa kujitunza, tutakuja kukuchukua." Alisema kwa wema. Lakini Apolline alikuwa amewahi kuona maana ya kuchukuliwa. Aliona shangazi mmoja kipofu kule, amewekwa katika chumba cha nyuma. Sahani inaletwa, sahani inaondolewa. Hakuna anayeketi naye. Hakuna anayemuuliza kitu.

Kwa hiyo Apolline alificha. Alijifunza njia ya bomba kwa miguu yake. Alipima maji ya bugali kwa kidole. Hakwenda tena kwa watu, asije akakanyaga mtoto au kumwaga chungu. Na kwa kuwa hakwenda kwa watu, watu nao waliacha kuja.

Jioni alipika bugali ndogo, bugali ya mtu mmoja, ambayo hata haigeuki vizuri katika sufuria. Halafu alisogeza kiti karibu na ukuta. Ng'ambo ya ukuta ule ilikuwa nyumba ya Euphrasie. Watoto walikuwa wakigombania vichwa vya samaki. Mtu aliimba. Mtu alikohoa. Euphrasie aliwatukana wote na kuwaongezea mboga. Apolline alikula akisikiliza. Walipomaliza wao, naye alimaliza.

Kesho yake mtu alibisha.

"Hodi!"

"Karibu. Ni nani?"

"Ni Constance, wa nyumba ya bati nyekundu."

"Ah, munganga! Ingia, keti."

Constance aliingia. Alinyoosha mkono, hakusema neno. Apolline alibaki akitabasamu kuelekea mlangoni.

"Maman," Constance akasema polepole, "mukono yangu iko mbele yako."

Tabasamu likaisha.

"Tangu wakati gani, Maman?"

"Mi naona vizuri. Ni moshi ya makala ya kupikia tu."

"Maman Apolline."

Apolline akasukuma mlango ukafungwa. Kisha akasema, "Usimwambie mutu. Nakuomba, mutoto yangu. Wakijua, watanipeleka Kalehe."

"Siri ni yako, mi sitaisema. Lakini acha nitazame."

Alimpeleka kwenye dirisha, akamulika macho yake kwa tochi ndogo. Katikati ya jicho la kulia, mahali panapopaswa kuwa peusi, palikuwa peupe kama maziwa. Katika jicho la kushoto palikuwa pa kijivu.

"Sikiliza, Maman. Jicho iko na vioo viwili. Kioo cha mbele ni kama kile cha saa ya mukono. Nyuma yake, ndani, kuna kioo kingine kidogo. Hiki cha ndani ndicho kimechafuka. Kwa kliniki tunaita cataracte. Wengine wanasema mutoto wa jicho. Mara nyingi inakuja na uzee. Mara nyingine inakuja kama jicho ilipigwa. Yako ilipigwa?"

"Ile ya kulia. Zamani, nilikuwa napasua kuni, kipande ikaruka. Jicho ilivimba, halafu ikapona. Ama nilifikiri imepona."

Constance akaona chupa ndogo dirishani. Akaifungua, akanusa.

"Na hii?"

"Majani. Mwanamuke mumoja wa soko ya Kadutu ananisagia. Natia asubuhi na jioni."

"Inafanya nini?"

"Inachoma."

"Basi hiyo tu ndiyo kazi yake. Majani haifike kwa kioo cha ndani, Maman. Inabakia mbele, inachoma kioo cha mbele. Kikipata kovu, hata docteur hawezi kukuona ndani. Uache leo."

"Nitaacha. Sasa nitie dawa gani?"

"Hakuna ya kutia, hakuna ya kunywa. Docteur anapasua kidogo, anatoa kioo kilichochafuka. Watu wengi wanapasuliwa na wanaona. Lakini wewe jicho yako ilipigwa. Kwanza tutazame afya ya kile kioo cha mbele, kama kitavumilia. Kuna mashini ya kutazama hiyo, wageni wameileta Muhumba kwa muda. Ni mikroskopi."

"Mikroskopi," Apolline akarudia.

Neno lile lilimkaa moyoni. Agathe alipopita na maharagi yake, Apolline alimuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: "Mikroskopi, wanaitumikisha namna gani?"

Agathe alifurahi. Alipenda kuulizwa.

"Kwa dispensaire, si unajua? Damu: wanatoboa kidole, wanaweka kwa mikroskopi. Choo: unapeleka ndani ya kibiriti, wanaweka kwa mikroskopi. Makohozi, ni vile vile. Kila kitu wanatoa kwanza kwa mwili, ndipo wanatazama."

"Na kama wanataka kutazama jicho?"

"Jicho?" Agathe akacheka. "Si wanatoa! Wanaweka kwa kioo, wanatazama. Kuirudisha sasa, mi sijui."

Agathe alisema kwa mchezo. Lakini alikuwa mtu wa soko, na neno tamu halilali kwa mtu wa soko. Kabla ya jua kuchwa, Nyamugo nzima ilikuwa inasema: kule Muhumba wanang'oa watu macho na kuyaweka kwenye kioo.

Constance aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa.

"Maman Apolline! Uko?"

"Siko," akajibu Apolline kutoka ndani.

"Mbona unasema?"

"Siko kwa ile mambo ya kung'oa. Afazali vivuli yangu."

Constance alicheka. Halafu aliacha kucheka, maana aliona kwamba mama huyu hakuwa mjinga. Katika Nyamugo, kila mtu aliyewahi kupimwa kwa mikroskopi alitolewa kitu mwilini. Nani aliwahi kuwaeleza kwamba ziko za namna nyingine?

"Nisikilize hata kupitia mulango," akasema. "Ile ya dispensaire, unaipelekea kitu. Hii ya macho inakuja yenyewe mahali jicho iko. Jicho inabakia kwa kichwa. Mashini inatupa mwangaza ndani ya kioo cha mbele. Mwangaza unarudi, unaleta picha. Ni kupiga foto tu, Maman. Mutu hang'olewe uso sababu ya foto."

Ndani kiti kikasogezwa karibu na mlango.

"Nitaanza mimi. Watatazama jicho yangu kwanza. Wewe utanishika mukono. Ukisikia mi natetemeka, kimbia."

Kufuli likazunguka polepole.

Kliniki ilikuwa na baraza ndefu. Mtu wa mapokezi aliita kwa Kifaransa cha kiserikali, "Citoyenne M'Bisimwa!" Hakuna aliyesimama. Aliita tena. Constance alimgusa Apolline begani. "Ni wewe, Maman." Kumbe ndivyo. Tangu mume wake afe, hakuna aliyemwita kwa jina la baba yake.

Docteur Évariste alikuwa mtu wa Walungu, mwenye sauti ya chini. Constance aliketi kwenye mashine kwanza. Apolline alimshika mkono. Mkono haukutetemeka.

Ikawa zamu yake. Daktari alimtia tone moja la dawa katika kila jicho. Jicho likawa kama la mtu mwingine, halisikii kitu. Akaweka kidevu mahali pa kidevu, na paji la uso kwenye mkanda.

"Usigeuze jicho," daktari akasema. "Tazama mwangaza. Mashine itagusa kioo cha mbele kidogo tu. Hutasikia maumivu."

Mwangaza ulikuja, mkubwa, kama jua lililoingia chumbani. Kitu kililia *tchak*. Tena *tchak*. Basi. Apolline aligusa uso wake. Macho yote mawili yalikuwa mahali pake.

Picha zilipokuwa tayari, aliitwa tena. Daktari alizishika mkononi, kisha akakumbuka kwamba mgonjwa wake hawezi kuziona. Akamwambia Constance neno. Constance akatoka uani, mahali ndugu wa wagonjwa walipokuwa wakipika, akarudi na sahani mbili na maharagi makavu.

"Maman," akasema daktari, "kila kitu chenye uhai kimejengwa na vitu vidogo sana vinavyoitwa seli. Kwa macho tu huwezi kuziona. Kile kioo cha mbele cha jicho, upande wake wa ndani, kina safu moja ya seli hizo. Zimepangwa kama vyumba vya nyuki. Kazi yao ni moja: kutoa maji. Maji ya ndani ya jicho yanataka kuingia ndani ya kioo kila wakati. Seli zinayatoa, mchana na usiku, kama watu wanaotoa maji kwenye mtumbwi. Zikiwa nyingi, kioo kinabaki safi. Zikiwa chache sana, maji yanazishinda. Kioo kinavimba na kuwa na ukungu."

"Na kama nikipasuliwa?"

"Kila kupasua kunaua baadhi yake. Na hizi, kwa mtu, zikifa hazizaliwi tena. Ndiyo sababu tunatazama kwanza. Si kila mgonjwa anahitaji mashine hii. Wewe unaihitaji, kwa sababu ya ile kuni. Gusa sahani hii. Hili ni jicho lako la kushoto."

Apolline aligusa. Maharagi yalikuwa yamejaa, yamebanana, moja kando ya lingine. Kidole hakikupata mahali pa kupita.

"Sasa hii. Jicho la kulia."

Apolline aligusa. Kidole kilikwenda, kikaenda, kikapata harage moja. Kikaenda tena.

"Zingine iko wapi?"

"Zilikufa siku ile kipande cha kuni kilipokupiga. Zilizobaki zimejinyoosha, zimekuwa pana, ili zifunike mahali pa zile zilizokufa. Bado zinafanya kazi. Lakini hakuna ya kupoteza."

Apolline alizungusha kidole kwenye sahani ile.

"Kama mimi kwa nyumba," akasema. "Kiti ya bwana yangu, kitanda ya Lucien. Mi peke ndiyo najinyoosha pote."

Daktari aliziweka zile picha mezani. Constance alitazama dirisha.

"Jicho la kulia tutaliacha," daktari akasema mwishowe. "Nikilipasua, pengine kioo cha mbele kitajaa maji na kuuma maisha yote. Tutapasua la kushoto."

Apolline akaondoa mkono kwenye sahani.

"Hapana! Ya kushoto ndiyo inanibakia! Nilifikiri utakata ile iliyokufa. Ukikosea kwa hii, nitabaki na nini?"

"Una haki ya kuogopa," akasema daktari. "Siwezi kukudanganya. Kila kupasua kuna hatari. Lakini jicho hili lina nguvu ya kuvumilia, na hilo tumeliona leo kwa picha. Kama mashine hii isingekuwepo, ningeanza na la kulia, kwa sababu ndilo bovu zaidi, na ningekosea. Na usisahau: la kushoto linaendelea kufunga. Leo unaona vivuli. Vivuli navyo vitaisha."

Apolline alifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Alifikiria chumba cha nyuma, na sahani inayoletwa na kuondolewa.

"Pasua," akasema.

"Vizuri. Garde-malade wako ni nani?"

Hapo Apolline akainamisha kichwa. Kila mgonjwa anayelala hospitali lazima awe na garde-malade, yaani mtu wa kulala naye, kumpikia, kumwosha, kumshika mkono akienda nje. Mume alikuwa kaburini. Lucien alikuwa ndani ya mashimo ya Kamituga, na barabara ilikuwa mbaya. Constance alikuwa na kazi yake. Adalbert angekuja, ndiyo. Angekuja kumchukua.

"Nitatafuta," akasema.

Asubuhi iliyofuata alishuka kwenye bomba bila bidon. Alisikia maji yanaanguka ndani ya chombo cha mtu. Alisikia pumzi za watu. Wote walinyamaza kama siku zote.

"Sijui ni nani na nani iko hapa," akasema. "Munanyamaza, na mutu mwenye kunyamaza mi simuone. Sioni. Ni muda sasa. Sikukatala jambo ya mutu. Sikuiona. Mwenye samaki anisamehe, na mwenye matanga."

Maji yaliendelea kuanguka. Chombo kilijaa, kikamwagika, hakuna aliyefunga bomba.

"Wanataka kupasua jicho yangu. Natafuta mutu wa kulala na mimi kwa hospitali. Sina mutu. Basi."

Mtu mmoja alianza kulia kimya kimya. Ilikuwa Agathe. Mtu mwingine alibeba beseni yake na kuondoka haraka. Apolline alisikia viatu vikikimbia juu ya mawe, vikipotea. Akafikiri kwamba hilo ndilo jibu. Akarudi nyumbani, akaketi karibu na ukuta. Siku ile hata ng'ambo ya ukuta kulikuwa kimya.

Mchana mlango ulisukumwa bila hodi. Kitu kizito kikawekwa chini. Sufuria zikagongana.

"Kule hospitali wanapikia makala ama kuni?"

"Ni nani?" Apolline akauliza, ingawa alijua.

"Ni mwenye samaki." Euphrasie alikuwa amebeba mkeka, sufuria na blanketi. "Watoto nimewaachia Agathe. Akome kusema-sema kidogo. Lakini wewe! Sababu gani hukusema? Mi nimekutukana mutaa muzima! Nimekusema kwa soko, nimekusema mupaka kwa misa! Sasa uso yangu nitaificha wapi?"

"Ificha hapa," Apolline akasema. "Mi sioni."

Euphrasie alicheka mpaka akakaa chini, juu ya mkeka wake uliokunjwa. Apolline naye alicheka. Muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu kucheka katika nyumba ile.

Kupasua kwenyewe hakukuchukua muda mwingi. Sindano ilimfanya asisikie jicho. Alisikia sauti ya daktari, na vyuma vidogo. Halafu jicho likafungwa kwa bandeji.

Siku za bandeji zilikuwa giza kamili. Apolline aliogopa kuliko mwanzo. Hata vivuli havikuwepo tena. Usiku alinyoosha mkono chini ya kitanda, akagusa kichwa cha Euphrasie kwenye mkeka, akalala tena. Mchana Euphrasie alikuwa macho yake. Alimsimulia wodi yote: mzee wa kitanda cha dirishani anayeficha tumbako kwa soksi, muuguzi Placide mwenye kujitazama katika kila kioo, wake wawili wa mtu mmoja waliokutana siku ya kutembelea wagonjwa.

"Walipigana?" Apolline aliuliza.

"Ngoja! Usikimbize mambo."

Siku ya kufungua bandeji ikafika. Daktari aliiondoa polepole. Mwanzoni palikuwa na weupe tu. Kisha rangi. Kisha uso mpana, wenye kitambaa cha njano, umemkaribia sana.

"Eh, Euphrasie," akasema Apolline. "Umezeeka!"

"Na wewe ulifikiri mi nakungoja?" Euphrasie akajibu, akafuta machozi kwa kitambaa.

Bado aliona vibaya, maana kioo cha ndani kilikuwa kimetolewa. Jicho lilipopona, alipewa miwani mizito ya kufanya kazi ya kioo kile. Daktari alimpiga tena picha ya seli. Chache zilikuwa zimepotea, lakini zilizobaki zilitosha. Kioo cha mbele kilikuwa safi. Wakati huo wote Constance alimkataza kuinama na kubeba mizigo, na kumtaka azuie maji na moshi visiingie jichoni. Kwa hiyo maji ya Apolline yaliletwa na watu wa bomba, kwa zamu, na kwa maneno mengi.

Siku ya kwanza na miwani, Apolline aliona nyumba yake. Aliona masizi ukutani na utando wa buibui kwenye kitanda cha Lucien. Lucien hakuwa amekuja. Alituma salamu kwa dereva wa lori, kwamba amesikia, kwamba amefurahi, kwamba barabara ikikauka atajaribu. Apolline alisimama mbele ya kitanda kile. Miwani haimrudishi mtu. Alitoa buibui, akatandika upya.

Na Adalbert alipopata habari na kutuma ujumbe kutoka Kalehe kwamba yuko tayari kuja kumchukua, alijibiwa hivi: "Mumwambie nitakuja kumutembelea. Halafu nitarudi kwangu."

Chupa ya majani ilitupwa. Jicho la kulia lilibaki giza, na Apolline alilikubali. Njiani aliwasalimu watu wote, hata ambao hawakustahili. Mtu akimuuliza habari za Muhumba, alisimama kueleza: jicho linabaki kichwani, majani yanachoma bure, usingoje mpaka vivuli viishe. Aliyekuwa na haraka ilibidi apite njia nyingine.

Siku moja, saa ya chakula, Euphrasie alikuwa kwake wanapika. Watoto wawili watatu walikuwa wamemfuata, kama kawaida yao. Apolline alitazama nje, akaona mzee amesimama kwenye njia. Alikuwa Papa Gaston, seremala wa juu kule, mtu asiyeonekana siku hizi hata kanisani. Mkono wake ulikuwa juu ya ua wa matete. Kichwa alikigeuza kidogo, kama anayesikiliza.

"Papa Gaston! Jambo sana!"

Mzee akashtuka. "Jambo, jambo. Ni nani? Ah, Apolline. Mi napita tu. Natembea kidogo kwa ajili ya miguu."

"Unaenda wapi?"

"Napita tu." Vidole vyake vilishika matete kwa nguvu. "Nilisikia watu wanasema wewe ulienda kule Muhumba. Si kwa ajili yangu. Kuna rafiki yangu mumoja, macho yake si mazuri sana."

Apolline alimtazama kwa miwani yake. Hakumuuliza jina la rafiki.

"Habari ya huyo rafiki ni ndefu, Papa, na mi siisemee njiani," akasema. Akatoka, akasimama karibu naye, akaongea ili mzee ajue yuko wapi. "Ingia kwanza. Hapa kuna jiwe, inua muguu. Sasa mulango. Kiti iko upande ya kushoto, kuna mutoto ndani yake, ataondoka. Euphrasie, leta maji, Papa anawe mikono. Tunakula."